Thor katika Safari ya Wakati: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Mungu wa Radi katika Bunilizi za Kisayansi

Thor ni nani hasa, kabla ya kuingizwa katika bunilizi za kisayansi?

Thor ni mungu wa radi na ngurumo aliyeaminiwa na wakazi wa kale wa Norwei, Denmark, Uswidi na Iceland. Baba yake ni Odin na mama yake ni Jörð, ambaye ndiye ardhi yenyewe. Mke wake ni Sif, mwenye nywele za dhahabu, na wanawe wa kiume wanaotajwa zaidi ni Magni na Móði. Husafiri kwa gari linalovutwa na mbuzi dume wawili, hujifunga mshipi unaomzidishia nguvu, huvaa glavu za chuma, na hushika nyundo iitwayo Mjölnir, ambayo mpini wake ni mfupi kwa sababu Loki, mjanja mwenye hila aliyeishi na miungu, aliwasumbua wahunzi walipokuwa kazini.

Kazi yake kuu ilikuwa ulinzi. Alisimama kati ya majitu na makazi ya watu, na ndiyo maana wakulima na mabaharia walimwita yeye zaidi ya Odin, aliyekuwa mungu wa wafalme, washairi na wapiganaji wa kuajiriwa. Wazazi waliwapa watoto wao majina yenye jina la Thor ndani yake, na watu wa kawaida walivaa vinyundo vidogo shingoni. Mwandishi anayemchukua Thor na kumwacha na misuli peke yake, bila wale anaowalinda, amebeba nusu tu ya mungu huyu.

Habari zake zimehifadhiwa wapi?

Kwa sehemu kubwa zimehifadhiwa Iceland, tena kwa mikono ya Wakristo. Mwanasiasa na mwanahistoria Snorri Sturluson, aliyeishi kuanzia 1179 hadi 1241, aliandika yapata mwaka 1220 kitabu cha kuwafundisha washairi, na ndani yake alisimulia visa vya miungu ya kale ili mafumbo ya mashairi yasipotee. Mashairi mengine makongwe zaidi yamo katika mswada wa ngozi ulionakiliwa katika miaka ya 1270. Mswada huo ulipelekwa kwa mfalme wa Denmark mwaka 1662 na ukarudishwa Iceland mwaka 1971.

Nje ya maandishi, upo ushahidi wa mawe na madini. Jiwe la Altuna nchini Uswidi limechongwa picha ya Thor akivua joka, huku mguu wake ukiwa umetoboa sakafu ya mashua. Katika kisiwa cha Lolland, Denmark, kilipatikana mwaka 2014 kinyundo kidogo chenye maandishi ya runi, yaani herufi za kale za Skandinavia, yanayosema kwamba kitu hicho ni nyundo, jambo lililowafurahisha sana wanaakiolojia, kwa sababu hadi wakati huo wapo waliokuwa bado wanahoji iwapo hirizi za umbo lile zilikuwa nyundo kweli.

Kwa nini mungu wa radi ahusishwe na safari ya wakati? Si ni mambo mawili yasiyohusiana?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote, na jibu langu ni kwamba yanahusiana tangu zamani. Bunilizi za kisayansi hazikumbandika Thor suala la wakati. Zililikuta tayari limo ndani ya visa vyake.

Tuchukue kisa cha safari yake kwenda kwa Útgarða-Loki, mfalme wa majitu (si Loki yule wa wahunzi). Thor na wenzake wanapewa majaribio ukumbini. Anaambiwa anywe pembe ya kinywaji, akashindwa kuimaliza. Anaambiwa amwinue paka, akafaulu kuinua unyayo mmoja tu. Mwishowe anapangiwa kushindana mieleka na bibi kizee aitwaye Elli, na kadiri anavyomkaza ndivyo bibi anavyozidi kusimama imara, hadi Thor mwenyewe anapiga goti moja. Kesho yake, wakiwa nje ya lango, mwenyeji anafichua siri: ncha ya pembe ilikuwa baharini, paka alikuwa Joka la Midgard linaloizunguka dunia, na Elli alikuwa Uzee, ambaye hakuna aliyewahi kumshinda wala atakayemshinda. Mwenyeji anakiri kwamba majitu yaliingiwa na hofu yalipoona unyayo wa paka umeinuka, na kwamba ilikuwa ajabu kubwa Thor kupiga goti moja tu mbele ya Elli. Hapo tuna mungu aliyepigana mwili kwa mwili na wakati, bila kujua, na akakaribia kusimama sawa naye. Sijui kisa kingine cha kale cha Ulaya kinachomkabidhi mwandishi wa safari ya wakati mbegu iliyo tayari kiasi hiki.

Zaidi ya hapo, shairi la Völuspá ni maneno ya mwaguzi wa kike anayemsimulia Odin mwanzo wa dunia na mwisho wake. Anausimulia mwisho kwa uhakika uleule anaousimulia mwanzo. Miungu inasikia habari za kufa kwake ingali hai. Kila kisa cha Thor baada ya hapo, hata kile cha kuchekesha ambapo anavalishwa nguo za bibi harusi ili aikomboe nyundo iliyoibwa, kinachezwa mbele ya tarehe ambayo imekwisha kutajwa.

Je, Thor alianza kusafiri katika wakati kwenye vitabu vya katuni vya Marvel?

Marvel ndiyo iliyomfanya msafiri maarufu. Thor wake alitokea mara ya kwanza katika toleo la 83 la Journey into Mystery, Agosti 1962, kwa kazi ya Stan Lee, Larry Lieber na Jack Kirby, na haikuchukua hata nusu mwaka kabla ya kukabiliana na mhalifu aliyetoka katika karne za mbele. Katika vitabu vya miaka hiyo nyundo yenyewe ilikuwa na uwezo wa kumvusha mwenyewe kutoka zama moja hadi nyingine, uwezo ambao waandishi wa baadaye waliuondoa, na nadhani walifanya vema. Shujaa anayeweza kwenda wakati wowote atakao hana haraka ya kitu chochote.

Mfululizo ulioanza mwaka 2012, ulioandikwa na Jason Aaron na kuchorwa na Esad Ribić, ulilishughulikia jambo hili kwa kina zaidi. Ndani yake wamo Thor watatu: kijana wa zama za Waviking, mtu mzima wa wakati wetu, na mfalme mzee aliyebaki karibu na mwisho wa nyakati, wote wakimkabili adui mmoja anayeua miungu. Uzuri wake ni kwamba kijana anamtazama mzee na haipendi sura atakayokuwa nayo, na mzee anamtazama kijana na kuukumbuka ujinga wake. Katika filamu ya Avengers ya mwaka 2019, Thor anarudi Asgard, makao ya miungu, ya mwaka 2013, siku ambayo mama yake atauawa, na anazungumza naye akijua asiloweza kulizuia. Tukio hilo ni fupi, lakini kwa maoni yangu ndilo lililo karibu zaidi na roho ya mashairi ya kale kuliko mapigano yote ya mfululizo ule.

Kuna njia gani za kumsawiri Thor upya ndani ya hadithi ya safari ya wakati?

Njia ya kwanza, na iliyotumika sana, ni kusema kwamba mungu alikuwa mtu wa zama za mbele. Msafiri anatua Skandinavia ya kale akiwa na kifaa chenye nguvu za umeme, watu wanamwona, wanasimulia, na baada ya vizazi vichache masimulizi yanakuwa dini. Poul Anderson alimfanyia Odin jambo la namna hii katika hadithi yake ya mwaka 1983 kuhusu mtafiti wa wakati anayejikuta ameingia ndani ya kisa alichokuja kukichunguza, na huzuni ya hadithi ile inatokana na ukweli kwamba mtafiti analazimika kuwatendea wazao wake uovu uleule uliosimuliwa. Hatari ya njia hii ni dharau. Ikiandikwa vibaya, inawafanya watu wa kale waonekane wajinga wasioweza kubuni chochote mpaka mgeni mwenye mashine awatembelee. Ikiandikwa vizuri, inaonyesha kwamba wao ndio waliochagua ni kipi cha kukumbuka na kipi cha kusahau, na msafiri hana mamlaka juu ya hilo.

Njia ya pili ni kumleta Thor mwenyewe katika zama zetu au za mbele. Wengi huishia kwenye vichekesho vya mtu wa kale anayeshangaa lifti na simu. Lakini lipo swali zito linaloweza kuulizwa hapa: mlinzi wa mashamba na mashua afanye nini katika dunia ambayo majitu yake hayana miili? Ukame, kiwanda kinachomwaga sumu mtoni, deni lisilolipika: nyundo haina pa kupiga.

Njia ya tatu, ambayo naipenda kuliko zote, ni kumwacha Thor awe kiumbe halisi ambaye kwake wakati haukunyooka. Katika hali hiyo visa vinavyopingana havihitaji kusuluhishwa. Chukua kisa cha uvuvi. Thor anakwenda baharini na jitu Hymir, anatumia kichwa cha ng'ombe dume kama chambo, analivuta Joka la Midgard hadi kwenye ukingo wa mashua, na Hymir kwa hofu anakata kamba. Snorri anaeleza kwamba Thor aliirusha nyundo nyuma ya joka, na kwamba wapo wasemao alilikata kichwa humo baharini, ila yeye anaamini kwamba joka lingali hai. Na kweli, lipo shairi la karne ya 10 linalosema kichwa kilikatwa. Mwanazuoni ataona hapa mapokeo mawili. Mwandishi wa bunilizi ana haki ya kuona mikondo miwili ya wakati, mmoja ambamo Thor alilimaliza joka mapema na mwingine ambamo mtu mwoga mwenye kisu aliirudisha historia kwenye njia yake.

Nyundo inaweza kuelezwa kisayansi?

Inaweza kuelezwa kwa kiasi, na hesabu zenyewe zina mafunzo. Radi moja ya kawaida hubeba mkondo wa umeme wa takriban ampea 30,000, na hewa katika mfereji wake hufikia nyuzijoto 30,000 za Selsiasi hivi, yaani mara tano ya uso wa jua. Hewa hiyo hutanuka ghafla, na mtanuko huo ndio ngurumo tunayoisikia, ikichelewa sekunde 3 kwa kila kilomita moja. Hata hivyo, nishati yote ya radi moja ni kama jouli bilioni 1, sawa na kilowati-saa 278. Nyumba inayotumia kilowati-saa 10 kwa siku ingeimaliza kwa chini ya mwezi mmoja. Radi inatisha kwa sababu nishati hiyo hutoka kwa kufumba na kufumbua. Kiasi chenyewe si kikubwa hivyo.

Kwa hiyo mwandishi anayesema kwamba nyundo inakusanya radi ili kuendesha mashine ya wakati anapaswa kufikiri tena. Kumwendesha mtu wa kilo 80 kwa sehemu moja ya kumi ya kasi ya mwanga kunahitaji nishati ya radi zipatazo milioni 36, na kwa kasi hiyo saa yake ingechelewa siku 2 tu, au pungufu kidogo, kwa mwaka mzima. Ni afadhali kuigeuza dhana yenyewe, radi ikawa matokeo ya mlango wa wakati kufunguliwa. Hewa inachanika, inapata joto, inanguruma, na watu walioko bondeni wanajua kwamba amepita. Kuna hata msaada kidogo kutoka maabara: mwaka 2017 watafiti wa Japani walichapisha ushahidi kwamba radi huanzisha mmenyuko wa kinyuklia angani na kuzalisha positroni, ambazo ni kinyume cha elektroni. Radi si cheche tu, na mwandishi hahitaji kuidanganya fizikia ili aipe heshima.

Sifa nyingine za Mjölnir ni tajiri zaidi kuliko umeme. Snorri anasema nyundo hiyo haikosi shabaha, hurudi mkononi popote itakaporushwa, na inaweza kuwa ndogo kiasi cha kufichwa ndani ya shati. Kifaa kinachorudi daima kwa mwenyewe ndicho hasa anachokihitaji msafiri wa wakati: kinajua kilikotoka. Kama ningeandika riwaya ya aina hii, nyundo ingekuwa nanga, na kitendo cha kuirusha kingekuwa cha hatari kwa sababu kila irudipo humvuta Thor hadi zama zake, apende asipende.

Na wale mbuzi? Je, waachwe nje?

La hasha. Waandishi wengi huwaacha kwa kuona ni kichekesho, na wanapoteza johari. Usiku Thor huwachinja mbuzi wake na kuwala pamoja na wenyeji wake, mifupa ikatupwa juu ya ngozi bila kuvunjwa. Alfajiri huinua nyundo juu ya ngozi hizo, na mbuzi husimama wazima. Safari moja, kijana aitwaye Þjálfi alipasua mfupa wa paja ili apate uboho, na kesho yake mbuzi mmoja akaamka akichechemea. Ili kulipa kosa hilo, Þjálfi na dada yake wakawa watumishi wa Thor.

Msomaji wa bunilizi za kisayansi atalitambua jambo hili mara moja. Ni mwili unaorudishwa katika hali yake ya jana, ila kovu moja limepenya urejeshaji huo. Sheria ya hadithi nzima ya kurudia siku ileile inaweza kujengwa juu ya mguu wa mbuzi huyo: ni nini hufutwa wakati ukirudi nyuma, na ni nini hubaki?

Fizikia inaruhusu safari ya wakati?

Kwenda mbele inaruhusu bila ubishi. Nadharia za uhusianifu za Albert Einstein, za mwaka 1905 na 1915, zinaonyesha kwamba saa huenda kwa mwendo tofauti kutegemea kasi na mvutano, na saa za setilaiti za GPS hutangulia saa za ardhini kwa takriban mikrosekunde 38 (sehemu 38 za milioni za sekunde moja) kila siku, tofauti ambayo isiporekebishwa ramani za simu zingekosea.

Kurudi nyuma ni suala jingine. Mwaka 1949 Kurt Gödel alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein ina suluhisho ambamo njia ya msafiri hujipinda na kurudi katika wakati wake wa nyuma, na mwaka 1988 Kip Thorne na wenzake walijadili jinsi njia ya mkato kati ya sehemu mbili za anga ingeweza kugeuzwa mashine ya wakati. Stephen Hawking alijibu mwaka 1992 kwa dhana kwamba sheria za maumbile huzuia jambo hilo lisitokee. Igor Novikov naye anatetea msimamo kwamba, hata kama mtu angerudi nyuma, lolote atakalotenda lingekuwa tayari ni sehemu ya yaliyotokea. Msimamo huu wa Novikov ndio unaokaa vizuri zaidi na visa vya Skandinavia, kama jibu lifuatalo linavyoeleza.

Je, Thor mwenye mashine ya wakati anaweza kuizuia Ragnarök?

Ragnarök ni maangamizi ya miungu. Thor atapambana na Joka la Midgard, ataliua, atapiga hatua tisa, kisha ataanguka na kufa kwa sumu yake. Ni mwisho mahsusi mno: adui anajulikana, ushindi unajulikana, na idadi ya hatua inajulikana.

Visa vyenyewe vinaonyesha miungu ikijaribu kukwepa na kila mara ikitengeneza kile ilichokikimbia. Baldr, mwana wa Odin, alipoota ndoto za kifo, mama yake Frigg alivitaka vitu vyote viape kutomdhuru, akauacha mmea mmoja mdogo uitwao mistilteinn kwa kuuona mchanga mno. Kiapo kile ndicho kilichozaa mchezo wa kumtupia Baldr silaha, na mchezo ule ndio uliompa Loki nafasi ya kutumia mmea huo kumwua. Bila jitihada za kumlinda, pasingekuwa na mchezo. Mwandishi anayetaka kuandika mzunguko wa sababu na matokeo usio na upenyo hana mfano bora wa kujifunzia.

Ninaamini kwa dhati kwamba hadithi inayomruhusu Thor kuifuta Ragnarök kwa kubonyeza kitufe inamnyang'anya heshima yake. Ukuu wa miungu hii haukutokana na kutokufa, kwa kuwa ni miungu inayokufa. Ulitokana na kwenda vitani ikijua matokeo. Hata hivyo kati ya kufuta kila kitu na kukubali kila kitu kuna eneo pana, na ndimo riwaya nzuri hupatikana. Unabii unataja hatua tisa, lakini hausemi kasi yake, wala anawaza nini, wala ni nani anayenusurika kwa sababu alisimama muda ule. Unabii pia unasema kwamba dunia itachomoza tena kutoka baharini ikiwa ya kijani, kwamba miungu itakayobaki itaokota nyasini vipande vya dhahabu vya mchezo wa zamani, na kwamba Magni na Móði watairithi nyundo. Thor wa safari ya wakati anaweza kufika hadi huko, akawaona wanawe wakiwa na Mjölnir, na kurudi kwenye siku yake akiwa na sababu ya kupiga hatua ya tisa.

Nywele zake ni za rangi gani?

Mapokeo ya kale yanamtaja kuwa na ndevu nyekundu. Nywele za manjano na kidevu kilichonyolewa vilitoka Marvel.

Loki ni ndugu yake?

Hapana. Katika maandishi ya kale Loki ni mwana wa jitu Fárbauti, na aliapizana udugu wa damu na Odin. Kumfanya ndugu wa kulelewa pamoja na Thor ni ubunifu wa karne ya 20. Ubunifu huo umezaa hadithi nzuri, lakini mwandishi anayeutumia ajue kwamba anarithi kutoka vitabu vya katuni.

Msafiri wangu anatua katika zama za Waviking. Nizingatie nini?

Kwanza uchague mwaka, maana zama hizo ni pana: kwa kawaida huhesabiwa kuanzia shambulio la Lindisfarne, Uingereza, mwaka 793, hadi 1066. Kisha uondoe kofia zenye pembe. Picha hiyo ilienea kutokana na mavazi ya jukwaani aliyobuni Carl Emil Doepler kwa ajili ya opera huko Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876, na msafiri atakayetua akitarajia kuziona atakuwa amesoma vitabu visivyofaa.

Mwaka ninaoupendekeza ni ule wa 1000 au uliotangulia, nchini Iceland. Waaislandi walikuwa na baraza lao la kitaifa, Alþingi, tangu 930, na wakati huo walikuwa karibu kupigana wao kwa wao kwa sababu ya dini. Pande zote mbili zikakubali kumwachia uamuzi Þorgeir, msema sheria, ambaye alikuwa bado mfuasi wa miungu ya kale. Alijilaza chini ya vazi lake mchana na usiku mzima, kisha akatoka na kutangaza kwamba watu wote watabatizwa, ingawa waliruhusiwa kwa muda kutoa kafara kwa siri. Kwa hadithi ya Thor, siku hiyo ni nzito kuliko vita yoyote, kwa kuwa ndiyo siku ambayo nchi iliyohifadhi visa vyake ilimwacha kwa amri ya mtu wake mwenyewe. Hakuna mashine inayohitajika kumshawishi Þorgeir. Swali ni iwapo Thor, akiwa amesimama nje ya hema la Þorgeir na kujua kwamba waandishi Wakristo ndio watakaoliokoa jina lake, angethubutu kuingia.

Usichore mpaka mkali kati ya dini mbili. Huko Trendgården, Denmark, ilipatikana kalibu ya jiwe ya kusubia madini yenye nafasi za misalaba na nafasi ya nyundo ya Thor. Fundi yule aliuza vyote viwili.

Mwaka mwingine wa kuvutia ni 1021. Mabaki ya makazi ya Waskandinavia huko L'Anse aux Meadows, Kanada, yana mbao ambazo watafiti, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, walithibitisha kuwa zilikatwa mwaka huo kamili. Walijua kwa sababu mlipuko wa miali kutoka angani uliacha alama katika pete za miti ya mwaka 993, wakahesabu pete kutoka hapo hadi kwenye gome. Msafiri wa wakati anayehitaji kujua yuko mwaka gani bila kumuuliza mtu anaweza kufanya vivyo hivyo kwa shoka na subira.

Je, inafaa kumwandika Thor kwa namna hii ilhali wapo wanaomwabudu?

Wapo kweli. Nchini Iceland, jumuiya ya Ásatrúarfélagið ilianzishwa mwaka 1972 na kutambuliwa na serikali mwaka 1973, na wapo wafuasi katika nchi nyingine. Inafaa kumwandika, kwa kuwa wasimulizi wa kale wenyewe walimcheka, walimvalisha shela, na walimwacha ashindwe na paka. Kisichofaa ni kuzitumia alama zake bila kujua zilikopitishwa: Wanazi walizitwaa runi kwa ajili ya propaganda zao, na hadi leo yapo makundi ya chuki yanayojivika nyundo. Mwandishi anayemtuma Thor katika karne ya 20 hawezi kuipita miaka ya 1930 Ujerumani kana kwamba jina la mungu huyu na wenzake halikutajwa huko. Akimpitisha hapo, ni lazima aamue Thor atasema nini akiona waliojitwalia miungu yake wakiwafukuza watu majumbani mwao, na jibu linapatikana katika kazi aliyopewa tangu mwanzo, ya kusimama upande wa wanaofukuzwa.